Mwanamke Aliyekataa Chuma cha Kisima

Asubuhi ile pampu ya kisima chetu ilipokutwa haina mpini, mimi ndiye niliyeitwa kwanza. Katika vitongoji vyetu vya Goweko mimi ndiye fundi wa pampu za mkono. Kazi hiyo nilifundishwa na watu wa mradi wa maji waliokuja, wakakaa misimu miwili, wakaondoka na kuniachia boksi la spana. Nilipofika kisimani nilikuta ndoo zimepangwa mstari kama kawaida, na kina mama wamekaa kando yake kimya. Kisimani kina mama hawanyamazi. Ukimya wao ulinitisha kabla hata sijaangalia pampu.

Mpini mrefu wa chuma haukuwepo, wala mnyororo unaobeba fimbo za ndani. Bolti zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, si kwa nyundo. Nati zilikuwa zimerudishwa mahali pake, na fimbo zimefungwa kwa waya zisije zikatumbukia chini ya kisima. Niliyaona hayo yote lakini sikuyatafakari. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hutazama asione.

"Hiyo imekwenda kwenye skrepa," alisema mama mmoja. "Huko mjini wananunua hata msalaba wa kaburi."

Mchana huo kina mama walianza kwenda bwawani, kule ng'ombe wanakonyweshwa. Mke wangu alirudi na ndoo ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Akaitua mbele yangu, akaingia ndani. Kesho yake nilipanda pikipiki nikaenda Tabora.

Niliulizia kwa mafundi wa baiskeli ni nani anayenunua vyuma chakavu kwa wingi, na karibu wote walinielekeza kwa mwanamke mmoja wa Chemchem. Uwanja wake ulikuwa umezungushiwa mabati makuukuu yaliyounganishwa kwa waya. Getini alikaa mama mmoja mwenye mguu uliopinda, akikaanga vitumbua. Ndani kulikuwa na vilima: kimoja cha sufuria zilizotoboka, kingine cha chupa za plastiki zilizopondwa, kingine cha majembe, rimu za baiskeli, fremu za vitanda, vyote vikinuka kutu na mafuta. Katikati, chini ya kipande cha turubai, mizani ilining'inia. Mwanamke mwenyewe alikuwa amesimama pale, mtu wa miaka hamsini na kitu, amevaa koti la kiume juu ya kanga, miwani imefungwa kwa uzi, na shingoni ananing'iniza sumaku kubwa kama ya spika ya redio. Watu kama kumi hivi walikuwa wamepanga foleni na magunia yao.

Sikumsalimia. Nilisimama katikati ya uwanja nikapaza sauti. Nilimwita mwizi. Nilimwambia yeye na wenzake ndio wanaotukausha koo, kwamba watoto wa Goweko wanakunywa mkojo wa ng'ombe ili yeye apime kilo. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika.

Watu wa foleni waligeuka kumtazama. Alimalizia kwanza kupima gunia lililokuwa kwenye mizani, akalishusha, akafuta mikono kwenye koti.

"Karibu," alisema. "Umepotelewa na nini?"

"Unajua mwenyewe!"

"Sijui. Niambie."

Nilimwambia. Akaonyesha vile vilima kwa mkono. "Tafuta. Uwanja wote huo ni wako. Ukikipata, nitakibeba mwenyewe kichwani mpaka kituo cha polisi, na wewe ufuate nyuma."

Nilitafuta mpaka adhuhuri ikapita. Nilipindua mabati, nikahamisha rimu moja moja, nikakatwa kidole na kopo. Wakati wote huo yeye aliendelea na kazi yake, na kila muuzaji aliyefika alimuuliza maswali yale yale bila kupandisha sauti: hiki umekitoa wapi, nani amekupa, mwenyewe anaishi mtaa gani. Kuna mwanaume mmoja alileta kipande cha waya mnene wa umeme. Mama yule alikigusa tu kwa tupa, akaona shaba inameta, akamrudishia.

"Kirudishe ulikokikata," alimwambia. "Hapa hakipimwi."

Mimi sikupata kitu. Nilipoinuka mgongo unauma, ndipo nikaona kwamba kwenye ukuta wa banda lake dogo kuna ubao mrefu, na kwenye ubao huo vimefungwa vitu kwa waya: bolti nene ya reli, kipande cha alama ya barabarani, mfuniko wa mita ya maji, kipande cha waya kama ule aliourudisha, na mfuniko mzito wa chuma unaofunika chemba za mitaro.

"Hivi ndivyo nisivyonunua," alisema nyuma yangu. "Nimevining'iniza ili asiyejua kusoma naye aone. Cha pampu hakipo kwa sababu sikijui. Pampu ya kijijini ikifunguliwa inafananaje?"

Nilishangaa. Nilitegemea anifukuze. Badala yake alinipa kipande cha katoni na mkaa, akaniambia nimchoree. Nilimchorea mpini, mnyororo, kichwa, fimbo na bomba, nikamweleza kila kimoja kina kazi gani. Alisikiliza kama mwanafunzi. Mwisho akakaa juu ya rimu ya trekta, akavua miwani.

"Fundi, siwezi kukuapia," alisema. "Fimbo kama hizi nimewahi kuziona. Yawezekana nilizinunua, nikadhani ni nondo tu. Sitakudanganya."

Maneno hayo yaliniingia kuliko kiapo chochote. Halafu akaniuliza, "Na huo mpini wenu nikiuona, nitajuaje ni wa Goweko, si wa Puge wala wa kwingine?"

Nilimwambia ukweli: mipini yote imetoka kiwanda kimoja. Hakuna tofauti hata ya nukta.

"Basi tuna kazi," alisema, akachukua namba yangu ya simu. Niliondoka bila kumwomba radhi. Nilikuwa naona aibu, na aibu yangu niliificha kwa kujifanya nina haraka.

Siku ya tisa simu ikalia nikiwa shambani. "Mpini wako umefika," alisema. "Na mnyororo wake. Njoo."

Nilipofika Chemchem, vitu vyenyewe vilikuwa ndani ya banda, vimefunikwa kwa gunia la tumbaku. Alinisimulia polepole. Mtu mmoja alikuwa amefika asubuhi, mwembamba, mrefu, mpole. Hakutupa mzigo chini kama wanavyofanya wengine. Aliulaza. Mama mwenye uwanja alipofunua gunia na kuona ni vile vitu vilivyochorwa kwenye katoni, alimwambia yule mtu waziwazi: hiki sikinunui, na hakitoki hapa mpaka mwenyewe aje. Kisha akamwita mama wa vitumbua alete chai.

"Hakukimbia?" niliuliza.

"Alikaa. Alinywa nusu kikombe. Nilimuuliza una shida gani baba, akasimama akasema, 'Mwambie fundi mnyororo nimeupaka grisi, haujashika kutu.' Akaenda zake."

Nilishika ule mnyororo. Ulikuwa umepakwa grisi kila pete, kwa uangalifu, namna nilivyomfundisha mtu mmoja tu duniani. Nikakaa palepale kwenye vumbi. Alikuwa ni mtunza pampu wetu, rafiki yangu niliyesoma naye darasa moja tangu la kwanza, niliyemkabidhi spana yangu ya pili. Waya wa kufungia fimbo zisitumbukie ulikuwa ni wake. Nati zilizorudishwa mahali pake zilikuwa ni zake.

"Unamjua," alisema mama yule. Haikuwa swali.

"Namjua."

"Mimi nimeshamwarifu mwenyekiti wa mtaa kwamba mali imepatikana, na kwamba ni ya kijiji chenu. Mtendaji wenu naye lazima ajue leo hii. Sifichi mwizi, fundi. Lakini nenda wewe kwanza ukamwone uso kwa uso. Mtu aliyepaka grisi bado yuko njiani, hajafika kule wanakofika wengine."

Nilimkuta rafiki yangu nyumbani kwake mchana, amekaa mbele ya bani lake la kukaushia tumbaku. Bani lilikuwa limeungua wiki tatu kabla, likiwa limejaa majani ya msimu mzima. Zilibaki kuta nyeusi na yale mabomba ya bati yanayopitisha moto, yamekunjamana kama karatasi. Mke wake alikuwa amelazwa mjini tangu siku ya moto. Mimi nilijua yote hayo. Nilikuwa nimempa pole, nikapita.

"Nilijua utakuja," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, na wewe mwenyewe huna kitu, bani lako mvua ililibomoa? Ile mali niliificha kwenye kihenge siku nane. Kila nikitaka kuipeleka nasikia ndoo za kina mama zinapita kwenda bwawani. Siku ya tisa hospitali wakaniambia dawa moja nikanunue nje. Yule mama angeinunua, ningefanyaje? Nashukuru hakuinunua."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Siku iliyofuata alisimama mwenyewe mbele ya mkutano wa kijiji, kabla mtu hajamtaja, akasema ni yeye. Kulikuwa na kelele nyingi. Wengine walitaka apelekwe polisi palepale, mmoja alitaka achapwe. Mwisho mtendaji na wazee wa baraza waliamua akabidhi spana, na achote maji kwa ajili ya bibi wanne wasiojiweza, kila siku, mpaka tumbaku ya msimu unaofuata ivunwe. Aliwachotea. Nilimwona asubuhi za mvua akisukuma baiskeli yenye madumu manne kwenye tope, peke yake, na hakukosa siku hata moja. Bibi mmoja kati ya hao wanne alimtukana kila alipomwona kwa mwezi mzima. Yeye alijibu "Mwangaluka, mayo," kama Wanyamwezi wanavyomwamkia mama asubuhi, akatua dumu, akaendelea. Watu hawakumrudishia kazi ya pampu, na baadaye alihamia Puge kwa wajomba zake. Tulikutana mara moja mnadani. Tuliongea habari za mvua, na za mke wake, ambaye alipona.

Mimi nami nilikuwa na deni langu la maneno. Nilinunua dumu la asali ya msituni, nikaenda nalo Chemchem, nikamfuata yule mama ndani ya banda lake nikaanza kumwomba radhi kwa sauti ya chini. Alinikatisha.

"Uliniita mwizi wapi?"

"Pale nje."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi twende nje."

Nilitoka. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ile ya siku ya kwanza. Nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama siku ile, nikasema mimi ni fundi kutoka Goweko, nilimtukana mama huyu bila kosa, na yeye ndiye aliyeturudishia maji. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumbata mikono, akatikisa kichwa kukubali, kisha akafungua dumu akaonja asali kwa kidole. "Ya mzinga wa gome hii," alisema. Hatukulizungumza tena.

Siku hiyo tulikaa getini tukala vitumbua kwa asali, na ndipo nilipojua habari za mguu wa yule mama wa vitumbua. Alinisimulia mwenyewe, akigeuza vitumbua, mwenzake akiwa amekaa pembeni ameinamisha kichwa. Miaka ya nyuma, mume wa mwenye uwanja, aliyekuwa fundi katika karakana ya reli, alipofariki, mjane huyo alianza kuokota vyuma na gunia, kisha akaanza kununua. Siku zile alinunua chochote. Siku moja alinunua mfuniko wa chemba. Kesho yake alfajiri mama wa vitumbua, jirani yake wa nyumba ya tatu, akatoka na beseni kichwani, akakanyaga pale mfuniko ulipokuwa, akatumbukia.

"Mimi nilijua nani kauiba," alisema mama wa vitumbua, "lakini nani kaununua sikujua. Yeye ndiye aliyekuja hospitali kuniambia. Kasimama mwisho wa kitanda, kaniambia, 'Mfuniko uko kwangu.' Ningejuaje kama asingesema?"

"Ukafanya nini?" niliuliza.

"Nikamfukuza. Akarudi kesho yake na uji. Nikamfukuza. Akarudi." Aligeuza kitumbua. "Ananipa uji mpaka leo, na mguu umeshaungana."

Mwenye uwanja alisimama akaenda kupima gunia la mtu. Ule mfuniko wa kwenye ubao ndio wenyewe. Mamlaka walikuwa wameshaweka mwingine, wakamwachia.

Baada ya hapo kazi ilianza kweli. "Geti langu moja halitoshi," aliniambia. "Nikikataa mimi, wanavuka barabara." Tulitembea mji mzima, mimi na yeye, tukimwendea kila anayenunua chuma, shaba au alumini, yeye mbele na kile kipande cha katoni chenye michoro yangu ya mkaa. Wengine walitukaribisha. Mmoja alituambia biashara si kanisa, akatufungia mlango. Yeye aliandika tu kichwani nyumba ile iko wapi, akasema, "Tutarudi Alhamisi." Tulirudi Alhamisi, na Alhamisi nyingine.

Wa mwisho alikuwa mzee wa Kihindu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye baba yake na babu yake waliuza vyombo vya shaba dukani humo humo. Alikuwa bado ananunua shaba na kuipeleka Dar es Salaam. Mama alimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia, "Marahaba, binti yangu, kaeni." Alisikiliza shida yetu ya mipini inayofanana yote. Kisha akainuka, akaingia nyuma ya duka, akarudi na sufuria kubwa ya shaba iliyong'arishwa na kijaluba cha mbao.

"Someni ukingoni," alisema.

Ukingoni mwa sufuria palikuwa na herufi ndogo zilizogongwa ndani ya shaba, za maandishi ya kwao.

"Jina la mama yangu. Kila chombo cha nyumba yetu kina jina. Kukiwa na harusi tunaazimana vyombo, mitaa yote. Miaka sitini, hakijapotea hata kijiko." Akafungua kijaluba. Ndani yake kulikuwa na vijiti vya chuma kigumu, kila kimoja na herufi yake nchani, za Kirumi na tarakimu. "Hivi alivinunua baba kwa ajili ya wateja. Nani leo anaandika jina kwenye sufuria ya plastiki? Chukueni. Mkimaliza mnirudishie, na mimi mnipatie ule mchoro nibandike hapa."

Sikuwahi kuona kazi nzuri kuliko ile. Nilizunguka na pikipiki kisima kwa kisima, na kila mahali kamati ya maji ilikusanyika kutazama. Nilifungua mpini, nikaugonga herufi za kijiji na namba ya kisima, sehemu tatu: mwanzoni, katikati, na chini mahali pasipoonekana. Fimbo nazo, moja moja. Watoto walikuja kupapasa herufi kwa vidole. Mama yule wa Chemchem aliyachukua yale maandishi yote akayaweka kichwani. Mpaka leo ukimwambia kisima cha shule, atakuambia herufi zake bila kutazama popote.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi nilipolishuhudia lile la lori. Nilikuwa nimepeleka beringi zilizokufa, tumekaa getini, likaingia lori limejaa mabomba ya mabani yaliyochakaa, mzigo mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona uwanjani pale. Mwenye mzigo alishuka, mtu mnene, mchangamfu, anamwita mwenye uwanja "dada yangu" kila neno la pili.

"Mabomba tu, dada yangu. Ya wakulima. Pima yote kwa pamoja, niondoke kabla jua halijawa kali."

"Tutashusha," alisema mama.

"Ya nini kujisumbua? Bati ni bati."

"Tutashusha, kaka."

Vibarua wakaanza kushusha. Bomba la tano lilikuwa zito mno kwa bati. Mama aliinama akachungulia ndani, akaingiza mkono hadi begani, akavuta. Ilitoka fimbo ya pampu. Ikatoka nyingine. Zilikuwa zimepakwa udongo ukakauka.

Yule mtu alicheka. "Nondo hizo, zilibaki kwenye ujenzi. Dada yangu, chuma hakina jina."

Mama alishusha miwani yake kutoka kwenye paji la uso, akatema mate kwenye ncha ya kanga, akasugua fimbo mwisho wake taratibu. Akaisogeza kwenye mwanga. Kisha akasoma kwa sauti herufi mbili na namba, akanigeukia mimi. "Fundi, hiki ni kisima cha zahanati. Au nimekosea?"

Hakukosea. Herufi hizo nilikuwa nimezigonga kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama wa vitumbua alikuwa ameshasukuma geti likafungwa, akaweka karai lake la mafuta ya moto mbele yake, akakaa. Yule mtu aliomba, akatisha, akataja watu wakubwa anaowafahamu, akasema mzigo mzima auache bure iwapo atafunguliwa. Mwenye uwanja alikuwa anaongea na simu, amempa mgongo. Polisi walipofika walikuta chai imeshamiminwa kwa kila mtu, mpaka dereva. Ndani ya mabomba mlikuwa na vyuma vya pampu za visima vitatu.

Wiki chache zilizofuata hazikuwa rahisi kwake. Mawe yalirushwa juu ya mabati mara mbili, na magari makubwa yaliacha kuja. Vilima vya uwanjani vikapungua hadi ukaona ukuta wa upande wa pili. Nilimuuliza kama anajuta.

"Nimechoka," alisema. "Kujuta ni kitu kingine."

Niliporudi Goweko nilisimulia mambo haya kwenye kikao cha wakulima. Kila mkulima wa tumbaku ana mabomba ya bani yaliyooza nyuma ya nyumba, na siku zote huyauza kwa yeyote mwenye gari anayepita. Hakuna aliyepiga kura wala kutoa hotuba. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja wa Kimoravian asiyependa maneno mengi, alisema tu, "Basi si tumngoje huyo huyo aje kununua?" Na watu wakamngoja.

Alikuja kwa treni, na mizani yake ndani ya gunia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kijijini kwetu. Kutoka stesheni alikataa pikipiki yangu, akatembea kwa miguu, akisalimia kila nyumba. Watu walikuwa wameleta mabomba mpaka yamejaa uwanja wa ofisi ya kijiji. Alipima saa nyingi, na pale kijijini kwetu, kati ya watu wanaomjua na kumngoja, bado alimuuliza kila mmoja maswali yake: hiki umekitoa wapi, ni cha nani. Mzee mmoja alichukia. "Mwanangu, hili bomba nimelala nalo miaka kumi!" Akamjibu, "Ndiyo baba, na nafurahi kusikia hivyo. Nitajie na bani lilikuwa wapi." Mzee akaeleza, akaishia kusimulia maisha yake yote, foleni ikangoja.

Alasiri aliniomba nimpeleke kisimani. Kina mama walikuwa wengi, na kelele zao tulizisikia tukiwa mbali. Walimpisha. Aliweka koti lake juu ya ndoo ya mtu, akashika mpini kwa mikono miwili, akapampu mara tatu bila maji kutoka, kwa sababu hakuwa na mazoea.

"Vuta mpaka chini, dada," mke wangu alimwambia. "Usiuonee huruma."

Akauvuta mpaka chini. Maji yakaja kwa kishindo, yakamlowesha kanga na viatu. Alikinga kiganja, akanywa polepole kama mtu anayepima.

"Yana chumvi," alisema.

Kina mama waliangua kicheko hadi wengine wakashika mbavu. Mke wangu akamjazia dumu la lita tano abebe kwenye treni, na yule mama, akiwa anacheka bado, akauliza kisima kinachofuata kiko umbali gani, kwa sababu treni yake ilikuwa imebakiza saa mbili kufika.